Chumba cha giza Kigoma: shajara ya kumtazama panya mmoja mara nyingi

4 Machi

Leo tumekabidhiwa ufunguo. Chumba kiko nyuma ya maabara, mita nne kwa tatu na nusu. Kina dirisha moja linalotazama ziwani na ukuta mmoja unaochomwa na jua la asubuhi. Kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Tumevitoa, tumefagia, tumepiga deki mara tatu.

Hapa ndipo tutakapowapiga picha panya wenye saratani. Majirani wameshaanza kuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa hiyo naanza na jibu lao. Dawa ya saratani kabla haijamfikia mgonjwa hujaribiwa kwanza kwenye seli, kisha kwenye mnyama mdogo. Sisi tunataka kuuona uvimbe ndani ya panya aliye hai leo, wiki ijayo na wiki ya tatu, bila kumpasua. Kwa njia ya zamani, ukitaka kujua dawa imefanya nini siku ya 3, ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28, unaua panya sita kila siku ya kipimo. Hao ni panya 30 kwa kundi moja. Na bado hutajua panya wa siku ya 28 alikuwaje siku ya 3, maana uliyempima siku ya 3 ni mwingine, na alishakufa. Kwa picha tumepanga panya wanane kwa kundi, kila mmoja akifuatwa toka mwanzo hadi mwisho na kulinganishwa na yeye mwenyewe wa juzi.

Russell na Burch waliyasema haya Uingereza mwaka 1959: tafuta njia mbadala ya mnyama inapopatikana, punguza idadi, punguza maumivu. Nimeandika maneno matatu kwa chaki juu ya mlango: mbadala, idadi, unafuu. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nimeiweka kwenye faili la kwanza kabisa, kabla ya ankara na mikataba.

Na kuna shangazi yangu. Aliondoka hapa kwa treni, ana uvimbe kwenye titi ambao alikuwa ameuficha zaidi ya mwaka mzima, akafika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akiwa amechoka sana. Hakurudi. Nikishika kazi hii namfikiria yeye, na sioni sababu ya kulificha hilo kwenye shajara ya kitaalamu.

11 Machi

Kikao cha kuchagua vifaa. Kimekula siku nzima na kilistahili.

Dokta, kiongozi wetu, alianza na PET, mashine inayopiga picha kwa kufuata dawa yenye mionzi ndani ya mwili, kwa sababu ndiyo inayotajwa na kila anayesikia habari za picha za saratani. Panya huchomwa sindano ya glukosi iliyofungwa florini-18. Seli za saratani hula glukosi kwa pupa, jambo ambalo Otto Warburg aliligundua miaka ya 1920, kwa hiyo uvimbe hujikusanyia mionzi na mashine huuona. Tatizo ni saa. Florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Tukapiga hesabu ubaoni. Tuseme imetengenezwa Dar es Salaam alfajiri, ikapelekwa uwanja wa ndege, ikaruka, ikashuka Kigoma na kufika mezani kwetu baada ya saa nne. Imebaki asilimia 22 hivi. Ndege ikichelewa saa mbili tu, imebaki asilimia 10. Kwa treni isingebaki cha kupima. Mwisho wa reli una maana yake kwenye fizikia pia.

Teknesiamu-99m ya mashine ya SPECT, inayofanya kazi kwa namna hiyo hiyo, ina nafuu, kwani nusu yake ni saa sita na hupatikana kutoka kwenye mtungi wa molibdenamu-99 ambayo nusu yake ni saa 66. Mtungi ungefika. Lakini ungepaswa kununuliwa upya kila wiki moja au mbili, mwaka mzima, na fungu letu haliwezi.

MRI ya wanyama wadogo, ya tesla 7 au 9.4 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ina sumaku inayopoozwa kwa heliamu ya maji kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Tuliipita haraka.

CT ndogo, mashine ya eksirei, ilitugawa. Inaonyesha mifupa na mapafu kwa uzuri wa ajabu, hadi sehemu ndogo kuliko unene wa unywele. Mwenzetu mmoja aliitetea kwa nguvu, na hoja zake zilikuwa za kweli. Mimi nilipinga kwa jambo moja: dozi. Eksirei za panya zinahitaji mionzi mingi ili kupata picha kali kiasi hicho, na ukimrudia panya yule yule kila wiki dozi zinajumlishana. Mionzi ni tiba ya saratani. Utajikuta unautibu uvimbe kwa kuutazama, halafu sifa unaipa dawa. Ipo siku tutaihitaji, tukiwa na chumba chenye kinga na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Leo bado.

Tumebaki na viwili: sauti na mwanga.

Sauti ni ultrasaundi. Mashine tuliyopata ni ya hospitali, probu yake bapa, kile kichwa kinachogusa ngozi, inafika megahezi 15. Sauti husafiri ndani ya nyama karibu mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja lina urefu wa sehemu ya kumi ya milimita. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya panya hupita megahezi 30 na kuona vidogo zaidi, ila hii yetu inatosha kwa uvimbe wa milimita tatu.

Mwanga unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndio moyo wa chumba.

Kimulimuli huwaka kwa kimeng'enya kiitwacho lusiferasi. Kinaunganisha kemikali iitwayo lusiferini na oksijeni, kikitumia ATP, ile nguvu ambayo kila seli hai huitengeneza. William McElroy wa Baltimore alionyesha mwaka 1947 kwamba bila ATP hakuna mwanga. Ili apate vimulimuli vya kutosha aliwalipa watoto wa mji ule senti 25 kwa kila vimulimuli 100. Mwaka 1985 jeni ya lusiferasi ikanakiliwa. Mwaka 1995 Christopher Contag na wenzake wa Stanford wakapiga picha ya bakteria wanaowaka ndani ya panya hai, kamera ikiwa nje ya ngozi. Seli ya saratani nayo ukiipa jeni hiyo inawaka ikipata lusiferini, na inawaka ikiwa hai tu. Ikifa, inazimika. Venia kalipa, kile kipimo cha taya mbili, itakuambia uvimbe una ukubwa gani, lakini haiwezi kukuambia ndani yake kuna seli hai ngapi. Uvimbe unaweza kubaki na ukubwa ule ule ilhali katikati umekwisha kufa.

Kikwazo ni damu. Weka tochi ya simu nyuma ya kidole gizani: kidole kinakuwa chekundu, kwa sababu damu imemeza rangi nyingine na kuachia nyekundu. Mwanga wa kimulimuli ni wa kijani kuelekea njano, ila kwenye joto la mwili wa panya husogea kuelekea nyekundu, na hiyo ndiyo bahati yetu. Hata hivyo kila sentimita moja ya nyama huupunguza karibu mara kumi. Kinachofika kwenye kamera ni kidogo mno, jicho haliwezi kukiona kabisa. Ndiyo maana panahitajika giza kamili, kamera iliyopoozwa, na subira.

20 Machi

Seremala amekuja kupima. Ni mzee wa mtaa wa Mwanga, zamani alikuwa akiunda mitumbwi kule Katonga.

"Mwanangu, sanduku gani hili lisilotaka hata tundu la ufunguo?"

"La kupigia picha, Mzee. Ndani panatakiwa giza kabisa."

"Picha bila taa?"

"Taa ni panya mwenyewe, Mzee."

Alinyamaza, akageuza penseli mkononi. Kisha akasema mlango wake tusiufanye kama wa kabati. Mwanga, alisema, ni kama maji: ukiuachia njia iliyonyooka, utapita. Akachora ukingo wenye ngazi mbili, ubao wa mlango ukiingia ndani ya mfereji wa fremu, kisha ukapinda tena. Atakayetaka kuingia ageuke mara mbili. Maungio akasema atayakalafati kwa pamba na gundi kama mtumbwi, halafu ndipo rangi nyeusi isiyong'aa ipite juu.

Nilikuwa na michoro ya sanduku kama hilo niliyoitoa mtandaoni. Sikuitoa mfukoni. Wa kwake ulikuwa bora.

2 Aprili

Sanduku limefika kwa mkokoteni, limefunikwa turubai. Kamera imefungwa juu, lenzi ikitazama chini, na imeshuka hadi nyuzi 70 chini ya sifuri kwa dakika kumi na tano. Ubaridi huo ni wa lazima. Kamera yenye joto hutoa chembe za umeme zenyewe, na ukiiacha wazi dakika tano utapata picha ya joto la kamera yako.

Jaribio la kwanza: sanduku tupu, taa za chumba zikiwaka, dakika tano. Kwenye skrini ukatokea mstari mwembamba kama unywele, kona ya chini kushoto. Tukazima taa, tukarudia. Mstari haupo. Basi mwanga unaingia. Nikalala chini sakafuni na tochi, nikaipitisha pole pole kando ya bawaba huku mwenzangu akipiga picha za sekunde thelathini na kuniita kila mstari unapong'aa. Ilikuwa tundu la skrubu ya bawaba ya chini, skrubu haikuzama sawasawa. Tone la silikoni nyeusi likamaliza kazi.

9 Aprili

Mstari umekwisha, lakini sasa kuna wingu. Hafifu, katikati, umbo la mstatili. Taa za chumba ziwake au zizimwe, liko pale pale, na hupungua kadiri tunavyosubiri. Tumelihangaikia siku tatu.

Dada anayetunza panya ndiye aliyeona. Wingu lilikuwa na ukubwa wa karatasi nyeupe tuliyotandika kwenye meza ya ndani. Karatasi nyeupe, plastiki nyingi, hata tepu fulani, hunywa mwanga wa chumba mlango ukiwa wazi, kisha huutoa taratibu gizani kwa dakika kadhaa. Jicho halioni, kamera inaona. Tumetandika mahameli nyeusi badala yake, tukaijaribu kwanza peke yake, na giza likawa giza.

Vimebaki vijidoa vyeupe vya pikseli moja moja, kila picha mahali pake. Hivyo ni chembe kutoka angani zinazoigonga kamera, hakuna sanduku la kuzizuia. Dawa yake ni kupiga picha mbili na kukubali kinachoonekana kwenye zote.

24 Aprili

Panya wameingia: weupe, ukoo wa BALB/c, majike kumi na wawili kutoka Dar es Salaam. Weupe wao una maana, kwa sababu manyoya meusi na ngozi nyeusi humeza mwanga. Wote wazima. Mmoja alikuwa ametafuna kona ya sanduku la safari.

Chumba chao kinatakiwa kibaki nyuzi 20 hadi 24, mwanga saa kumi na mbili, giza saa kumi na mbili. Mchana wa jana ukuta wa mashariki ulitufikisha 29. Tumeupaka chokaa nje na kuweka kivuli cha makuti. Leo saa nane: 24. Kiyoyozi sasa kinapumua kidogo.

6 Mei

Jenereta imehamishwa kutoka ukuta wa panya kwenda nyuma ya tangi la maji. Wenzetu wa maabara ya jirani waliwahi kuwa na panya mama aliyekula watoto wake wiki ile ile ambayo jenereta lilifungwa karibu na banda. Panya husikia sauti za juu ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Hatusubiri ushahidi wa pili.

13 Mei

Usingizi. Aisoflureni, dawa ya usingizi ya kuvutwa puani, asilimia 3 hadi 4 kumlaza, kisha 2 kumweka, ikisukumwa na oksijeni ya mashine ya kuchuja hewa badala ya mitungi, maana mitungi ya hapa hospitali inaihitaji kuliko sisi. Hewa inayotoka hupita kwenye kopo la mkaa ili tusiivute wenyewe. Kopo hupimwa kila siku ya kazi; likiongezeka gramu 50 limeshiba, linatupwa. Ni kazi ya dakika moja na ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa hiyo nimeifungia daftari lake.

Jambo la kuzingatia kwa wenzetu: mwaka 1984 Franks na Lieb wa London walionyesha kuwa dawa za usingizi zinaizuia lusiferasi yenyewe kwenye bomba la majaribio. Yaani dawa inayomlaza panya inaweza kupunguza ule mwanga tunaoupima. Hatuwezi kuikwepa, ila tunaweza kuifanya iwe sawa kwa kila panya na kila siku: asilimia ile ile, dakika zile zile. Asiyefanya hivyo atalinganisha usingizi wa Jumanne na usingizi wa Alhamisi.

20 Mei

Seli zimefika ndani ya mtungi wa naitrojeni, wa aina ile ile wanayobebea mbegu watu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Ni 4T1, saratani ya titi ya panya wa ukoo huu huu, zenye jeni ya kimulimuli. Tumezichagua kwa kuwa hazihitaji panya asiye na kinga, na kwa kuwa husafiri zenyewe kutoka titini kwenda mapafuni, kama saratani ya mtu inavyofanya. Baadaye tunataka kufika kwenye limfoma ya Burkitt, ugonjwa wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliuandika akiwa Kampala mwaka 1958. Hiyo itataka panya wasio na kinga na vizimba vyenye vichujio. Tusitangulie.

Jaribio la visima, yaani vishimo vidogo vya sahani ya maabara: seli 100,000, 10,000, 1,000 na 100, lusiferini juu, dakika moja gizani. Vya 1,000 tumeviona waziwazi. Vya 100 havikutofautiana na giza. Sasa tunajua mpaka wetu, na nimeuandika kwenye mlango wa sanduku ili asije mtu akaandika "hakuna saratani" pale anapopaswa kuandika "hatukuona".

27 Mei

Panya wanane, kila mmoja seli 100,000 kwenye mafuta ya titi. Wanne waliobaki hawakuguswa. Ndio kipimo cha giza letu.

3 Juni

Siku ya saba, picha ya kwanza ya kweli. Naieleza kwa kirefu kwa sababu tumekosea.

Panya namba 5 ana gramu 22. Lusiferini ni miligramu 150 kwa kilo, kwa hiyo miligramu 3.3, dawa yetu ina miligramu 15 kwa mililita, basi mililita 0.22, sindano ya tumboni. Akalala, akalazwa kwenye mahameli, pua kwenye koni, mlango ukafungwa. Picha kila dakika mbili, kwa dakika thelathini. Mwanga huwa unapanda kadiri lusiferini inavyosambaa na damu, unafika kileleni kati ya dakika ya 10 na ya 15, kisha unashuka. Kilele ndicho tunachokitaka.

Dakika ya nne umeme ukakatika. UPS, betri yetu ya akiba, ikapokea kamera, kompyuta na mashine ya oksijeni bila kutetereka, na tukajipongeza. Mwanga wa namba 5 ukapanda pole pole sana, ukafika kileleni dakika ya 22, mdogo kuliko tulivyotegemea. Tulikaa tukiitazama ile grafu. Mwenzangu akasema labda sindano iliingia vibaya. Nikafungua mlango, nikamgusa panya. Alikuwa baridi. Kipima joto kikasoma 32.9.

Pedi ya joto ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani.

Panya wa gramu 22 ana ngozi nyingi kwa mwili kidogo, na akilala usingizi wa dawa hawezi kutetemeka wala kujikunja. Anapoa kama chai kwenye kisosi. Damu yake ikipungua mwendo, lusiferini inachelewa, na kimeng'enya chenyewe nacho kinazubaa. Picha ilikuwa safi kabisa, haina doa, na ilikuwa inasema uongo. Ingekuwa ni panya aliyepewa dawa mpya, tungeandika kwamba uvimbe umepungua.

Namba 5 alipona, ndani ya nusu saa alikuwa anakula. Niliomba radhi kwa Dokta, mimi ndiye niliyechomeka pedi.

5 Juni

Pedi iko kwenye UPS. Kipima joto cha panya kimeingizwa kwenye fomu: picha isiyo na joto la mwili la mwanzo na la mwisho haihesabiwi. Namba 5 tena: joto 36.8 na 36.6, kilele dakika ya 12. Wengine saba, vilele kati ya dakika ya 10 na ya 14. Tumezitupa data zote za tarehe 3.

Kwenye pedi hiyo hiyo kuna kitaa chekundu kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nilikifunika kwa tepu nyeusi ya fundi umeme, na kamera ikakiona kupitia tepu. Tabaka tatu bado. Tumemwomba fundi akikate kabisa.

12 Juni

Siku ya kumi na sita, ultrasaundi dhidi ya venia kalipa.

Kwa venia, namba 5 ana uvimbe wa milimita 11 kwa 8. Kanuni inayotumika kote ni urefu mara upana mara upana, gawa kwa mbili: milimita za ujazo 352. Kisha jeli iliyopashwa moto kidogo, maana jeli baridi humpoza panya kama hewa ya usiku, na probu ikashikwa juu juu bila kukandamiza. Kwenye skrini uvimbe ni kivuli cheusi chenye kingo za kijivu, na sehemu ya katikati nyeusi zaidi, kama tope lililotulia. Urefu 10.2, upana 7.4, kina 5.1. Kwa vipimo vitatu kanuni ni urefu mara upana mara kina, mara pai, gawa kwa sita: ujazo wake ni 202.

Tofauti ni kubwa mno kuachwa hivi hivi. Venia inapima ngozi pamoja na uvimbe, na haioni kina. Inadhani kina ni sawa na upana. Uvimbe huu ni bapa, umejilaza ubavuni. Kwa panya wanane, venia imezidisha kwa wote, lakini si kwa kiwango kimoja, kwa hiyo huwezi kusema utapunguza theluthi tu yaishe. Tutaendelea na venia kila siku mbili kwa kuangalia mwendo na kulinda mpaka wa milimita 15, ambao panya akiufikia hatumwachi aendelee kuumia, ila namba ya kuandikwa kwenye ripoti ni ya ultrasaundi.

Lile tope la katikati, kwenye picha ya mwanga ya jana, ni shimo jeusi ndani ya duara linalong'aa. Seli zimekufa pale. Mashine mbili, moja ya hospitali na moja ya seremala wa Mwanga, zimesema jambo moja.

20 Juni

Siku ya ishirini na nne. Uvimbe wa titi sasa unawaka kiasi cha kufunika kila kitu kilicho karibu, kama taa ya karabai inavyofunika nyota. Tukitaka kuona mapafu lazima tuufunike. Nilichukua kipande cha mahameli kilichobaki, nikakikata mviringo, nikakilaza juu ya uvimbe wa namba 5 akiwa chali, kifua wazi.

Dakika tano. Hakuna aliyezungumza. Picha ilipofunguka kulikuwa na alama mbili kifuani, upande wa kulia, hafifu, zinagusana. Picha ya pili, pale pale. Panya wasioguswa, hakuna kitu. Joto 36.7 na 36.5.

Kwa nje namba 5 alikuwa mzima. Anakula, anatengeneza kiota chake cha karatasi, uzito haujashuka. Saratani ilishavuka. Nilimkumbuka shangazi yangu akipika mihogo jikoni kwake, akicheka na majirani, ule mwaka aliokuwa ananificha.

24 Juni

Namba 5 amefika mpaka. Uvimbe milimita 15 kwa venia, na uzito umeshuka gramu mbili ndani ya siku tatu. Fomu inasema tusisubiri, na hatukusubiri. Alilazwa kwa aisoflureni kama siku zote, hakuamka.

Mapafu yaliwekwa kwenye sahani nyeusi yenye lusiferini. Tulihesabu alama saba. Mbili kubwa zilikuwa upande wa kulia, pale pale picha ilipoonyesha tarehe 20. Tano ndogo hatukuziona akiwa hai. Hicho nacho ni kipimo cha chumba chetu, kimeingia kwenye ripoti kwa namba zake.

Alipigwa picha mara sita. Grafu yake moja ina nukta tano, maana ya tarehe 3 haipo, na nimeibandika ukutani chini ya maneno ya chaki.

26 Juni

Panya saba wanaendelea. Kopo la mkaa limeongezeka gramu 47. Libadilishwe kesho kabla ya kazi. Bawaba ya juu ya sanduku imeanza kulegea, Mzee atapita Jumamosi. Lusiferini imebaki ya vipindi viwili, agizo lingine limetumwa.